Natabasamu jukwaani, nikifika nyumbani nalia: je, niache kuimba?

"Asalam aleikum daktari. Mimi ni mwimbaji, umri miaka 29, naishi Maweni hapa Malindi na mama yangu na mtoto wangu wa miaka minne. Msimu ukiwa mzuri naimba na bendi hotelini siku tano kwa wiki, kuanzia saa mbili hadi saa tano usiku, na Jumamosi mchana mara nyingi nina harusi. Tangu Januari hali yangu imebadilika. Kabla ya kupanda jukwaani moyo hunienda mbio, mikono hufa ganzi, na mara mbili nimetapika nyuma ya jukwaa kisha nikapanda nikaimba nikitabasamu, hakuna aliyejua. Kuna wageni hunishika kiuno wakitaka picha, nami nacheka tu. Nikirudi nyumbani saa saba au saa nane sipati usingizi mpaka adhana ya alfajiri. Mpiga ngoma wetu akanipa tembe za usingizi, na sasa nazimeza karibu kila siku, mwezi wa pili huu. Siku za harusi natafuna muguka kidogo nisisinzie. Hoteli ilifungwa baada ya Pasaka nikadhani nitapumzika, kumbe ndio nimezidi kuwa vibaya: silali, sili, hata wimbo ukilia kwenye redio nauzima. Kuna usiku nilijiambia bora nisiamke. Mama anasema ni kijicho, kwamba nimeingiwa na jini kwa kusimama mbele za watu nimejipamba, na ameshapata mtu wa kunitoa. Meneja akisikia nimekwenda hospitali ya akili hataniita Julai. Wenzangu wanasema kazi yangu ni starehe, nalipwa kucheka, niache kudeka. Je, nina wazimu? Na je, niache kuimba?"

Wa aleikum salaam, mwanangu. Maswali yako mawili ya mwisho nitayajibu yote. Lakini katikati ya barua umeandika neno ambalo siwezi kulipita nikaanza na mengine: kwamba kuna usiku ulijiambia bora usiamke.

Wazo hilo huwajia watu wengi waliochoka kama ulivyochoka wewe, na kukujia hakukufanyi mwenye kukufuru. Mara nyingi mtu hatamani kufa. Anatamani haya yaishe, na hajaona mlango mwingine wa kutokea. Hata hivyo silichukulii jepesi. Jiulize leo, na ujijibu kwa ukweli: bado linakuja? Limeanza kufuatana na fikira za namna ya kulitimiza? Zile tembe zimebaki ngapi, na ziko wapi? Ikiwa umeanza kufikiria namna, usingoje kumaliza kusoma hapa. Mwamshe mama, nendeni kitengo cha dharura cha hospitali ya serikali ya Malindi, saa yoyote iwayo, na mkifika useme waziwazi kilichokuleta. Hata kama hujafika huko, tembe zote mkabidhi mama leo, akupe ya usiku mmoja mmoja. Namba 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupigwa bila malipo, na anayepokea amefunzwa kusikiliza mambo kama haya. Na kama ulikuwa unaogopa polisi, kwa sababu kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilimhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, jua kwamba Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba. Nimeona familia zikificha jambo hili kwa hofu ya kesi, na kule kuficha ndiko kulikowaponza.

Sasa, je, una wazimu? Hapana. Wazimu wanaouogopa watu wetu ni ule wa mtu kusikia sauti zisizokuwepo, kushikilia mambo yasiyo na ukweli, kutojua yuko wapi. Huo nao ni maradhi, una dawa, na mwenye nao hastahili kuchekwa. Lakini katika uliyoniandikia haumo. Barua haipimi mtu, na lazima uonekane ana kwa ana, ila ninachokisoma ni mambo matatu yaliyosukana: hofu ya ghafla inayokushika kabla ya jukwaa, usingizi ulioharibika, kisha ukaharibiwa zaidi na tembe na muguka, na juu yake huzuni nzito tunayoiita sonona. Kila moja lina sababu zake na lina tiba.

Nianze na jukwaa, maana ndiko kulikoanzia. Mwili hauna njia mbili za kuogopa. Ukikutana na nyoka njiani, au ukisimama mbele ya watu mia mbili wanaokutazama, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni ileile, adrenalini. Moyo huenda mbio, damu hukimbilia misuli mikubwa na kuliacha tumbo, ndipo kichefuchefu kinapokuja. Mate hukauka, viganja hutoa jasho. Pumzi nayo huwa ya haraka na ya juujuu, na ganzi yako inatoka hapo: ukihema haraka unatoa hewa ukaa nyingi kuliko mwili unavyotaka, mishipa ya damu iendayo kwenye ubongo inabana kidogo, kichwa kinakuwa chepesi, vidole na midomo vinakufa ganzi. Asiyejua hilo hudhani anakufa au amerogwa, na dhana hiyo huzidisha hofu, nayo hofu huzidisha kuhema. Kwa kawaida hali hii hufika kileleni ndani ya dakika kumi hivi, kisha hushuka yenyewe hata usipofanya lolote. Inatisha sana, lakini yenyewe haiui.

Kinachoigeuza kuwa maradhi ni kuiogopa hofu yenyewe. Baada ya kutapika mara ya kwanza, nadhani hukuwaogopa wageni tena. Ulianza kuogopa kutapika. Unajisikiliza moyo tangu saa kumi jioni, huli, unafika hotelini tumbo tupu, na tumbo tupu lenye asidi hutapika upesi zaidi. Kisha unapanda, unaimba vizuri, watu wanapiga makofi, na badala ya kujiambia "nimeweza" unajiambia "leo nimeponea chupuchupu." Akili haijifunzi kwamba jukwaa ni salama. Inajifunza kwamba umetoroka.

Hapa una kitu ambacho wengine ninaowatibu sina budi kuwafundisha kuanzia alifu: unajua kuhema. Mwimbaji anayetoka na mstari mrefu bila kukata hutumia pumzi ya tumboni, si ya kifuani, na hiyo ndiyo pumzi inayoushawishi mwili utulie. Vuta kwa pua ukihesabu nne, kisha itoe ukihesabu saba au nane, mdomo umefungwa, ukivumisha noti moja ya chini bila kukaza koo. Dakika tano. Fanya nyumbani kila siku ukiwa mtulivu, asubuhi na jioni, si siku ya kazi tu, kwa sababu zoezi linaloanza kufanywa wakati hofu imeshapanda halifui dafu. Siku ya kazi, kula kidogo saa mbili kabla: ndizi, au mkate na chai isiyo kali. Moyo ukianza kwenda mbio usikimbilie msalani. Simama hapohapo na ujiambie jina lake, "hii ni adrenalini, itashuka." Jambo hili halifaulu siku ya kwanza, lakini wiki baada ya wiki hufaulu kuliko watu wanavyodhani. Na kwa sababu wewe ni mwimbaji: asidi ya matapishi huunguza nyuzi za sauti. Ukiona sauti imekwaruza zaidi ya wiki tatu, muone daktari wa masikio, pua na koo.

Wanamuziki hupeana siri ya dawa moja ya shinikizo la damu, propranololi, inayozuia mtetemo wa mikono na mbio za moyo. Ni kweli hufanya hivyo, na kuna wakati daktari huiandika kwa kazi hiyohiyo. Lakini kwa mwenye pumu inaweza kuwa hatari kubwa, nayo haiondoi hofu, inaficha dalili zake tu. Usipewe na mpiga besi.

Tuje kwenye usingizi, ambao kwangu mimi ndio wa kutengenezwa kwanza kabla ya yote, kwa sababu mtu asiyelala haponi kitu kingine. Unamaliza kuimba saa tano, unafika nyumbani saa saba, unajilaza ukitaka ulale. Jiko la mkaa halipoi pale unapoipua sufuria, na mwili uliokuwa jukwaani ni hivyo. Taa zimekumulika machoni usiku kucha, na ndani ya ubongo kuna saa inayopangwa na mwanga: ikiona mwanga mkali usiku inachelewesha melatonini, homoni inayouambia mwili kwamba usiku umeingia. Kisha unalala alfajiri, unaamka adhuhuri, jua la asubuhi hulioni, na ile saa inazidi kusogea mbele. Bado hujaanza kuhesabu kahawa. Kahawa chungu ya saa moja jioni, nusu yake ingali kwenye damu karibu na saa sita usiku.

Zile tembe. Hukunitajia jina, na ninashuku hulijui, kwa sababu tembe za aina hii huzunguka zikiwa zimekatwa kwenye pakiti au zimefungwa kwenye karatasi. Nyingi ni za jamii ya dayazepamu. Hufanya kazi kwa kuipa nguvu kemikali ya ubongo inayotuliza, na usiku wa kwanza huonekana kama muujiza. Ukiendelea wiki kadhaa, ubongo unaizoea na kupunguza utulivu wake wenyewe. Tembe moja haitoshi tena, na usipomeza wasiwasi unarudi mkali kuliko ule wa kwanza. Kwa hiyo sehemu ya unachokiita kuzidiwa tangu Pasaka huenda si maradhi yako, ni tembe zenyewe. Dayazepamu pia hukaa mwilini kwa siku nyingi, ndiyo ule uzito wa kichwa asubuhi.

Lakini nisikilize vizuri hapa: usiziache ghafla. Umemeza karibu kila siku, mwezi wa pili, na kuziacha kwa mara moja kunaweza kuleta degedege. Hupunguzwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, daktari akiangalia. Wala usizichanganye na pombe hata glasi moja, maana kwa pamoja huweza kuzima pumzi ya mtu akiwa usingizini.

Kuhusu muguka, najua mjadala wake ulivyo mkali. Mei 2024 magavana wa Mombasa na Kilifi waliupiga marufuku, kesi zikaenda mahakamani, wakulima wa Embu wakalalamika, na hapa mjini kila mtu ana upande wake. Mimi nakuambia habari ya mwili wako tu. Majani hayo yana kathinoni, kemikali iliyo karibu sana na amfetamini. Inaamsha, ndiyo, lakini inaamsha kwa kupandisha mapigo yaleyale ya moyo unayoyaogopa Jumamosi ukiwa harusini. Ikiisha inaacha mtu mnyonge, mwenye hasira, asiye na usingizi, na usiku huo tembe zinaongezwa. Mmoja anakuamsha, mwingine anakulaza, na wewe huna usukani tena. Muguka unaweza kuuacha mara moja. Utakuwa mchovu na mzito wa moyo siku chache, kisha itapita.

Kwa sasa, hoteli ikiwa imefungwa, una nafasi ambayo wakati wa msimu hutaipata. Chagua saa ya kuamka, si saa ya kulala. Saa moja asubuhi, ulale usilale, toka nje. Tembea mpaka ufukweni, hadi kwenye nguzo ya Vasco da Gama na kurudi, mtoto ukimshika mkono, jua likikupiga usoni. Mwanga huo ndio unaoirudisha nyuma saa ya ubongo. Kahawa na chai kali ziishe saa nane mchana. Kitanda kiwe cha kulala tu. Ukijigeuza muda mrefu bila usingizi inuka, kaa mahali penye mwanga hafifu, simu iwe mbali, urudi macho yakianza kulemea. Wiki ya kwanza utachoka zaidi. Usikate tamaa nayo.

Sasa wale wenzako wanaosema unalipwa kucheka. Wanasema kweli bila kujua uzito wake. Wataalamu wa jamii wameichunguza kazi ya aina hii tangu miaka ya 1980, wakianzia na wahudumu wa ndege, ambao kama wewe huuza tabasamu pamoja na huduma. Walichokiona ni kwamba kuna njia mbili za kufanya kazi hiyo. Mtu anaweza kuvaa uso tu huku ndani amebeba kingine, au anaweza kuitafuta hisia yenyewe mpaka ikaja, kama unavyofanya ukiuimba wimbo unaoupenda. Njia ya kwanza ndiyo inayomchosha mtu na kumfanya ajione hayupo. Fikiria jioni yako moja. Unaimba nyimbo za Kiitaliano ulizozikariri kwa sauti bila kujua maana ya kila neno, mbele ya watu walio likizoni wakati wewe uko kazini, mtoto ana homa nyumbani, mgeni anakushika kiuno, na jibu lako pekee linaloruhusiwa ni meno. Ile hasira haikupotea. Umeimeza, na ilibidi iende mahali.

Mkono wa mgeni si sehemu ya kazi yako, nami nasikitika kwamba umefundishwa kuuona hivyo. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera juu ya udhalilishaji wa kingono. Najua bendi nyingi huajiriwa kwa mdomo, tena kwa msimu, na mwenye nafasi yako hupima kila neno. Kwa hiyo usianze peke yako. Zungumza na kiongozi wa bendi mkubaliane kwamba picha ni za bendi nzima, na mmoja wenu asimame kati yako na mgeni. Ni jambo dogo, halimchukizi meneja, na litakupunguzia mzigo kuliko unavyodhani.

Unashangaa kwa nini umezidiwa wakati wa kupumzika. Mimi sishangai, kwa sababu kila mwaka masika yakianza na hoteli zikifunga, ndipo watu wa muziki, wa sarakasi na wa ngoma wanapokuja kliniki, si Desemba. Wakati wa kaskazi ratiba inakushikilia hata kama umechoka: kuna saa ya kufika, kuna watu wanaokungoja, kuna makofi, kuna pesa mkononi. Aprili vyote vinakatika kwa siku moja. Adrenalini iliyokuwa ikikubeba inashuka, deni la usingizi linadai, kodi ya nyumba inadai, na hakuna mtu anayekuita kwa jina lako la jukwaani. Mtu akianguka hapo huanza kujifungia, na kujifungia huondoa hata yale machache yaliyokuwa yakimfurahisha, basi anazama zaidi. Dawa ya kujifungia si kungoja hamu irudi. Unafanya kwanza, hamu hufuata baadaye. Jambo moja kwa siku, kwa saa maalumu, hata kama moyo hautaki: kumsuka mtoto, kumtembelea shangazi, kupika samaki na kumpelekea jirani. Na pesa ni afya ya akili pia. Msimu ukirudi, ingia chama ambacho zamu yako ya kupokea iangukie Mei.

Lakini huzuni ikidumu wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, pamoja na kukosa hamu ya vitu ulivyovipenda, kukosa usingizi, kukosa chakula na mawazo ya kufa, hapo haitoshi tena kuambiwa jikaze. Wewe umefika hapo, kwa maelezo yako mwenyewe. Mwimbaji anayezima wimbo kwenye redio ananiambia kitu kikubwa.

Kwa hiyo nenda, wiki hii. Anza hospitali ya Malindi na uulizie kliniki ya afya ya akili ni siku gani. Wakiona inafaa watakuandikia rufaa kwenda Kilifi au Mombasa. Kama bado hujajisajili SHA, ile bima ya afya ya serikali, piga *147# kwenye simu yako. Ukifika kliniki utaulizwa maswali tisa hivi kuhusu hali yako ya wiki mbili zilizopita. Usiyajibu kwa uso wa jukwaani. Omba upimwe damu, kwa kuwa upungufu wa damu na matatizo ya tezi ya shingoni huweza kuleta uchovu, mapigo ya moyo na huzuni zinazofanana kabisa na hizi. Beba pakiti ya zile tembe, au tembe yenyewe. Taja muguka bila haya. Na useme pia kama uliwahi kuwa na kipindi cha siku kadhaa ulipochangamka kupita kiasi, ukalala kidogo sana na usichoke, ukatumia pesa ovyo. Wasanii husahau kulisema hilo kwa sababu hulidhania ni msimu mzuri tu, nalo hubadilisha kabisa dawa ya kuandikiwa.

Tiba ya mazungumzo ina nguvu kwa hofu yako ya jukwaani na kwa sonona pia, na kama mshauri anapatikana ningependa uanze nayo. Kwa uzito uliouandika, huenda ukaandikiwa na dawa. Dawa za sonona si zile tembe za usingizi. Hazileti uraibu wa kutaka kuongeza kila siku, ingawa nazo hazikatizwi ghafla. Huchukua wiki mbili hadi nne kuanza kuonekana, wakati mwingine sita, na siku za mwanzo tumbo huchafuka na wasiwasi unaweza kuongezeka kidogo. Wengi huziacha hapo, kabla hazijafika. Mwambie daktari mapema kwamba unaimba. Katika hospitali nyingi dawa inayopatikana kwa urahisi ni amitriptilini, nayo hukausha kinywa na koo, jambo gumu kwa mtu wa kazi yako. Fluoksetini au setralini huwa nyepesi zaidi upande huo. Na lile dai kwamba dawa huua kipaji, kwamba msanii lazima ateseke ndipo aimbe, nalichukia kwa moyo wangu wote. Limewafukia watu waliokuwa na nyimbo nyingi bado. Sonona haikuandikii wimbo. Imekunyang'anya hata redio.

Mama yako usigombane naye. Anaona mwanawe ananyauka na anatafuta msaada pale anapopajua. Kusomewa Kurani, kuombewa dua, hakugombani na hospitali, na wako wanaotulia kwa kusomewa. Masharti yangu ni machache na sitayalegeza: usipigwe, usifungiwe kwenye moshi, usinyimwe chakula, usiambiwe uache dawa, na mtoto wako asibaki bila mlo kwa ajili ya ada ya mtu. Mtu atakayekataa hayo si wa kuachiwa mgonjwa. Mchukue mama muende kliniki pamoja. Akisikia kutoka kwa daktari kwamba ganzi ya mikono inaletwa na pumzi, na kwamba maradhi haya huwapata hata wasiojipamba wala kusimama mbele ya mtu yeyote, nadhani moyo wake utatulia.

Kuhusu meneja, daktari haruhusiwi kumpigia simu. Habari za afya yako ni siri kwa Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na marekebisho ya Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2022 yanataja haki ya siri ya mgonjwa. Hata ukihitaji karatasi ya ruhusa ya ugonjwa, inatosha ionyeshe siku za kupumzika; mwombe daktari asiandike zaidi. Sitakudanganya kwamba mji huu hauna midomo, na ukikaa kwenye benchi la kliniki huenda ukaonekana na mtu unayemjua. Kama hilo ndilo linalokuzuia, omba miadi ya Kilifi. Nauli ya matatu ni bei ndogo.

Sasa la mwisho: je, uache kuimba? Usiamue sasa. Akili iliyo ndani ya sonona huona kila mlango umefungwa, na uamuzi unaofanywa humo huwa ni wa kukimbia. Ngoja mpaka upate mwezi mmoja wa usingizi wa kweli, bila tembe, ndipo ujiulize. Inawezekana utagundua kuwa unachokichukia ni hoteli, si muziki: harusi za mchana, kurekodi, kufundisha watoto kuimba, hizo ni kazi pia, ingawa hazilipi kama msimu wa wageni. Inawezekana utarudi hotelini kwa namna nyingine. Na inawezekana kweli ukaona imetosha, na hapo hutakuwa umeshindwa na mtu. Una miaka 29 na una mtoto wa kulea. Kama Julai itafika ukiwa bado unapunguziwa dawa, mwambie kiongozi wa bendi kwamba mwaka huu unaanza na siku tatu kwa wiki, si tano, na kwamba Jumamosi ukiwa na harusi mchana, usiku huimbi. Mwambie mwezi mmoja kabla, awe na nafasi ya kumtafuta mwimbaji wa pili.